Picha Chini ya Ubao

Kipyenga cha mwisho kilipolia, Mzee Vibao alikuwa bado juu ya ngazi kwenye ubao wa matokeo, bati lenye namba nne mkononi, na uwanja mzima ulikuwa unamwimbia mtoto wake matusi.

Akalitundika kwenye msumari. Tisini na nne kwa thelathini na moja. Hata yeye, aliyeyakata mabati hayo kwa mkono wake na kuyapaka namba kwa rangi nyeupe, hakuwahi kuona pengo kama hilo kati ya timu ya kikapu ya mtaa na mahasimu wao wa ng'ambo ya reli. Kwa kawaida huachana kwa kikapu kimoja, na lawama zote humwangukia refa.

"Nahodha wao yuko wapi?" Mama Tarumbeta alipasua kelele. Huyu alikuwa muuza mitumba na kiongozi wa mashabiki, koo lake halihitaji kipaza sauti. "Si alisema huku hatujui mpira? Haya, tuliyokuwa tunacheza leo ni mdako?"

Watu wakaangua kicheko. Nahodha huyo ni binti wa Mzee Vibao. Alikulia kwenye uwanja huu huu, na msimu uliopita akavuka reli kwa sababu kocha wa mtaa alimweka benchi mpaka akaota mizizi. Tangu hapo baba hakumsemesha. Akipiga simu, anapokea mama. Akija kusalimia, mzee anatokea mlango wa nyuma.

Na tusidanganyane: nusu ya kwanza mzee aliifurahia. Kila bati alilotundika lilimshuka kifuani kama maji baridi. Acha akome, alijiambia, acha ajue alichokiacha. Utamu ulianza kumkauka mdomoni baadaye, mashabiki walipoacha kushangilia vikapu wakawa wanashangilia binti anavyoanguka. Alipoangukia goti, wakamwomba aanguke tena, vizuri zaidi. Mzee akalitazama bati, akalitundika. Ndiyo kazi.

Sasa akanyoosha mkono kulitoa.

"Wee mzee, wee." Mama Tarumbeta alishafika chini ya ngazi, umati nyuma yake. "Unafanya nini huko?"

"Nashusha. Mechi imekwisha."

"Namba hazishuki mpaka wageni wapite chini yake. Nani alituwekea huo utaratibu? Si wewe?"

Ni yeye. Enzi zile mdomo wake ukiwaka, aliupigilia ubao juu ya lango kwa makusudi, ili aliyefungwa asipate pa kutokea bila kupita chini ya aibu yake. Mtaa ulimbeba juu juu kwa akili hiyo.

"Leo nimechoka," alisema.

"Umechoka, au damu imekuita?" fundi baiskeli alidakia. "Angekuwa mtoto wa mwenzio, saa hizi ungekuwa unazifuta vumbi zisomeke."

Mtu akaitikisa ngazi. Si sana, kiasi tu cha kumkumbusha kwamba yeye yuko juu na wao ndio walioshika chini. Bati lenye tisa likagonga mbao.

Ndipo umati ukafunguka. Binti alikuwa anakuja, begi begani, goti limefungwa kitambaa. Wenzake nyuma yake walitembea wakihesabu kokoto. Yeye uso wake aliubeba wima.

"Msaliti huyo," mtu alisema, na simu zikainuliwa.

"Simama hapo hapo, mwanangu," Mama Tarumbeta alimwelekeza kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi. "Chini ya namba zenu. Tupate ukumbusho. Na ucheke kidogo, si ulizoea kutucheka?"

Binti akasimama.

Mzee alitaka kusema neno. Lakini mdomo ulionuna msimu mzima haufunguki kama mlango, na kila alilolitafuta lilikuja na kutu. Akalishika bati lenye nne kwa mikono miwili.

"Liache, baba," binti alisema bila kuinua macho. "Wametufunga kihalali."

"Pita tu, mama," mzee alimwambia bintiye. "Nitalishusha mimi."

"Nimesema liache." Sauti yake haikupanda. "Shuka upige picha na mimi. Si ndiyo uliyokuwa unaisubiri tangu nilipoondoka?"

Hata Mama Tarumbeta aligeuka kumtazama mzee, kama jirani aliyechungulia dirishani na kukuta kinachoendelea ndani si cha kuchungulia.

Mzee Vibao akashuka. Mguu wake ulizitafuta ngazi moja moja, na hakuna aliyezitikisa. Akasimama kando ya bintiye. Alikuwa amesahau kwamba mtoto amemzidi urefu. Binti alinuka jasho na dawa ya kuchua, na goti lililofungwa lilikuwa linatetemeka, lile pekee.

"Shikamoo," binti alisema akiitazama simu, kama mtu anayemsalimia karani dirishani.

"Marahaba."

Akainua mkono kuuelekeza kwenye bega la mtoto. Ukafika karibu na mkanda wa begi, ukabaki hapo hewani, mwekundu kwa kutu ya mabati. Binti hakusogea kuukwepa. Hakusogea kuupokea pia.

"Mzee, sogea kidogo," alisema mwenye simu, na hakusema upande gani.