Zamu ya Vestine
Majina yote saba ya wanakwaya yalikuwa yamefika. Yalijipanga upande wa kushoto wa kioo cha kompyuta mpya, Audace juu, Vestine chini, kila jina na mstari wake wa rangi. Léonidas, aliyewarekodi, alibonyeza. Ngoma ikalia, kinanda kikafuata, maana hivyo viwili kompyuta huvitengeneza yenyewe. Kwaya haikuimba. Mistari ilipita kimya, na juu yake maandishi mekundu: sauti hazipatikani.

Alikuwa mtu wa kupima mara mbili, na hilo ndilo lililomuuma. Kabla ya kumwachia fundi wa Mbarara kompyuta ya zamani, aliichomeka flashi humo humo akaufungua wimbo. Uliimba wote. Hakujua kwamba flashi imebeba ramani ya wimbo tu, na sauti zenyewe bado zimelala ndani ya mashine anayoiaga. Akarudi kambi ya wakimbizi ya Nakivale akipiga mluzi, maskini.

Alimpigia fundi simu.

"Ile nilifuta yote, ssebo," fundi alisema kwa upole wa mtu anayengoja shukrani. "Sasa iko na mwanajeshi wa Makenke."

"Hakuna kitu kilibaki?"

"Hakuna. Mimi nasafisha vizuri."

Vestine alikuwa ameketi mlangoni tangu asubuhi, kitenge cha kwaya kiunoni. Walirekodi wote saba wiki moja kabla basi la kwanza la kuwahamisha wakimbizi halijaondoka. Sasa wanne wako Kanada, wawili wamerudi Burundi, na wote sita wanaungoja wimbo kwenye simu zao. Nakivale amebaki yeye tu.

"Bakituuliza, tutasema nini?"

"Sijui, dada." Léonidas aliona aibu kumtazama. "Tunaweza kurudia sauti yako."

"Yangu peke yake? Ile ni ya kujibu tu."

Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Aliurudisha wimbo mwanzo ili mikono ipate kazi.

Ngoma ikaanza. Vestine akafumba macho. Pale pa Audace alingoja, akitikisa kichwa taratibu. Pale pa Élyse akangoja tena, mpaka mwisho wa ubeti. Zamu yake ilipofika akaimba mstari wake mmoja, wa chini, kama alivyofundishwa. Kisha akanyamaza, akawapisha wenzake.

Léonidas hakuwa amebonyeza kurekodi. Mkono ulikuwa juu ya meza, karibu kabisa na kitufe, na haukuinuka.