Njia ya Mama Jelimo

Mashimo yalikuwa saba. Eliakim Wabwile aliyahesabu tena, kamera yake ya sanduku ikining'inia shingoni, kana kwamba hesabu ya pili ingemrudishia hata shina moja. Hapo juu ya maporomoko, katikati ya miamba, ndipo lilipoota ua jeupe lenye mkia mrefu mwembamba, ua ambalo hakuwahi kuliona pengine popote kwenye Mlima Elgon. Sasa palibaki udongo uliochimbuliwa na nyayo za mabuti.

Aliyemwonyesha ua hilo alikuwa Mama Jelimo, mjane wa huko mlimani. Alikataa miezi mitatu. Alikubali siku Eliakim alipomwambia kwamba kitu kisichojulikana hufyekwa bila mtu kukililia.

"Piga picha," alisema, "lakini njia ibaki kwako na kwangu."

Picha ilitoka safi. Mwaka huo wa 1951 maonyesho ya wakulima ya Kitale yalikuwa yamekaribia, na Kinyua, karani wa ofisi moja mjini humo, aliahidi kuitundika penye macho ya watu, na chini yake maneno: Usiling'oe. Walikuwa wamepigana Burma pamoja, wakila mkebe mmoja. Eliakim akampa. Nyuma ya picha, kama ilivyokuwa desturi yake, alikuwa ameandika kwa penseli siku, saa na mahali.

Aliendesha baiskeli kutoka kwake Kamukuywa hadi Kitale bila kupumzika. Kinyua alimpokea mlangoni pa ofisi, amevaa tai mpya.

"Ile maua iko wapi?"

"Iko kwa memsahibu, bibi ya mkubwa wangu. Amepanda kwa mikebe, pale barazani. Inapendeza!"

"Nilisema watu wasing'oe."

"Si ulitaka watu waione? Sasa wanaiona, bana. Hata mimi nimepandishwa cheo."

"Nani alikuonyesha njia?"

Kinyua alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Si wewe? Uliandika."

Eliakim alikuwa amekuja na hasira ya kumtosha mtu mmoja. Sasa ilimbidi aigawe. Akirudi, alipita kando ya ua wa nyumba ya memsahibu. Mikebe ilikuwa imepangwa vizuri, imepakwa rangi ya kijani. Majani ndani yake yalikuwa yamelegea kama mboga iliyochemshwa.

Asubuhi yake alipanda mlima. Mama Jelimo alikuwa uani akipepeta wimbi, akamsogezea kigoda. Hakuketi. Alimweleza yote, hata habari ya penseli.

Ungo uliendelea kupanda na kushuka kwa muda mrefu.

"Huyo karani," alisema mwishowe, "mimi sijui yeye. Wewe ndiye nilijua."

Mvua ikaanza, matone mazito yakipiga vumbi. Mama Jelimo aliinuka, akaingia ndani na wimbi lake. Eliakim alibaki amesimama uani, maji yakimtiririka usoni, akiutazama mlango. Haukufungwa.