Wanawake Wawili Waliosimama

Siku ya wazazi, mkuu wa shule alipomtaja Nathanaeli kuwa wa kwanza kwa hisabati katika kidato cha tatu, walisimama wanawake wawili. Mmoja alikuwa safu ya mbele, mwembamba, amejifunga kitenge cha kijani. Wa pili alikuwa nyuma kabisa, karibu na matangi ya maji. Wakatazamana. Yule wa nyuma akaketi taratibu, na watu waliokuwa karibu naye wakacheka, wakidhani amesikia vibaya. Yule wa mbele akaenda na mwanawe kupokea zawadi, makofi yakapigwa, sherehe ikaendelea.

Emiliana alikuwa ameshika kalamu pembeni ya jukwaa. Yeye ndiye aliyekuwa mhariri wa gazeti la ukutani, lile lililobandikwa kila Jumatatu kwenye ubao wa mbao nje ya ofisi ya walimu: matokeo ya mechi, waliougua, waliopewa adhabu, vichekesho, na kona moja iliyoitwa Habari Zetu. Kona hiyo aliiandika mwenyewe na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mambo ya wale wanawake wawili yalimkaa kichwani wiki nzima.

Nathanaeli alikuwa msaidizi wake. Hakuwa mwandishi, ila mwandiko wake ulikuwa mzuri, na yeye ndiye aliyechemsha gundi ya unga wa ngano jikoni kila Jumapili jioni. Jumapili moja, wakisubiri gundi ishike, Emiliana alimuuliza bila kuzunguka.

"Yule mama wa nyuma aliyesimama siku ile ni nani?"

Nathanaeli aliendelea kukoroga. "Yule ndiye Mama Nathanaeli."

"Na wa mbele?"

"Wa mbele ni mama yangu."

Emiliana alicheka, akidhani anataniwa. Kijana hakucheka. Alitoa sufuria motoni, akaiweka chini, akamwambia habari ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mazengo. Nathanaeli alikuwa mtoto wa mama yake mkubwa, kule kwao Mlali, na wawili hao walisoma darasa moja tangu la kwanza. Mwaka wa mtihani wa darasa la saba Mazengo aliugua, akafanya mtihani ana homa, akafeli. Nathanaeli alifaulu. Kabla shule hazijafunguliwa, Nathanaeli akafariki. Msiba ulipokwisha, mama mkubwa alimwita mdogo wake na kumwambia kwamba nafasi ya mwanawe isipotee bure, Mazengo aende badala yake.

"Mara ya kwanza walipoita majina sikuitika," alisema. "Mwalimu aliita mara tatu. Nilikuwa nimekaa tu namsubiri Natha aitike."

Hakumwambia Emiliana asiandike. Baadaye Emiliana alilishika neno hilo kwa mikono miwili na kujitetea nalo usiku na mchana, kwamba hakukatazwa. Lakini alijua vizuri kwamba mtu hamkatazi rafiki yake jambo ambalo hajawahi kufikiri kuwa atalifanya.

Mwezi wa pili, wakiwa wameshaingia kidato cha nne, shule ilipata mwalimu wa kujitolea, kijana aliyemaliza chuo kikuu pale Chimwaga, jina lake Swalihu. Alipewa klabu ya habari kuilea. Alisoma magazeti yao ya nyuma akiwa amesimama, mikono kiunoni, kisha akasema haya ni matangazo, si habari. Habari ina mtu ndani yake. Akawataka kila mmoja aandike kuhusu mtu mmoja, habari ya kweli, na iliyo bora ingebandikwa peke yake ubao mzima.

Emiliana aliandika kwa siku mbili. Hakutaja jina. Hakutaja Mlali, aliandika kijiji kimoja cha wilaya ya Kongwa. Hakutaja kidato. Alieleza juu ya kijana anayeitika jina la marehemu, juu ya msiba na nafasi isiyopaswa kupotea. Aliandika pia juu ya wanawake wawili waliosimama kwa jina moja, na mmoja wao akakumbuka, akaketi.

Aliposoma tena aliona hatari iko wapi. Shule nzima ilikuwepo siku ile. Akaifuta sehemu hiyo. Alipoisoma bila hiyo, habari ilikuwa imelala kama mkate usioumuka. Akairudisha. Akaifuta tena. Jioni alipokuwa akinakili kwa wino, mkono wake uliiandika, naye akauacha. Alijiambia kwamba wanafunzi wanasahau upesi. Hakuwa mtoto, alijua anachojiambia.

Kubandika alikwenda mwenyewe alfajiri ya Jumatatu, wala hakumwita Nathanaeli. Alimwambia safari hii gundi imebaki ya wiki iliyopita.

Hadi mapumziko ya saa nne watu walikuwa wamejaa mbele ya ubao, wa nyuma wakiwaomba wa mbele wasome kwa sauti. Emiliana alisimama mbali kidogo akisikiliza maneno yake yakisomwa na mtu mwingine, na kwa muda mfupi alifurahi sana. Msichana mmoja wa kidato cha pili alijifuta macho. Kisha Munira, aliyekaa dawati moja naye, akageuka na kusema polepole, kama anayepiga hesabu, "Wanawake wawili walisimama. Si siku ile ya wazazi? Si alipoitwa Natha?"

Halafu minong'ono ikaanza, na watu wakaanza kumtafuta kwa macho. Nathanaeli alikuwa nyuma yao. Alikuwa amekuja kusoma gazeti kama kawaida yake. Hakumtazama Emiliana. Alirudi darasani, na kipindi cha fizikia alijibu maswali yote aliyoulizwa.

Pengine ingeishia kuwa uvumi wa shule, wa wiki moja au mbili. Lakini Jumatano alikuja mthibiti ubora wa shule, mzee mmoja mpole mwenye miwani, na akiwa anasubiri chai aliusoma ubao. Akamwuliza mkuu wa shule swali. Mkuu wa shule, Madamu Angelina, akamwita Emiliana ofisini.

"Shikamoo, madamu. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hii umeandika wewe?"

"Ndiyo, madamu."

"Ni hadithi ya kubuni, au ni jambo lililotokea?"

Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Alichotakiwa kusema ni kwamba amebuni. Madamu Angelina alimtazama kwa namna ambayo Emiliana, kila alipoikumbuka baadaye, aliona kuwa ilikuwa inamsukuma alitamke neno hilo na yaishe. Lakini mwalimu Swalihu alikuwa pale, amekaa karibu na kabati, na alijibu kabla yake kwa furaha ya mtu anayesifiwa kazi yake.

"Ni kweli tupu, madamu. Niliwaambia sitaki ya kubuni. Huyu binti ana kipaji."

Kila mtu akamgeukia. Emiliana alifungua mdomo. Akisema amebuni, mwalimu Swalihu angemwona mwongo, na sifa zote zile zingekuwa za uongo. Ndicho alichokifikiria. Baadaye, kila alipojitafutia sababu nyingine iliyo nzuri zaidi, hakuipata. Akafunga mdomo, akainamisha kichwa, na mzee mwenye miwani akaandika kitu.

Nathanaeli aliitwa baada ya chakula cha mchana. Hakukana. Madamu Angelina alipomuuliza jina lake, alisema anaitwa Mazengo, na waliokuwa nje wanasema alilitamka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Usajili wa mtihani wa kidato cha nne ulikuwa karibu kufungwa, na mtu hawezi kusajiliwa kwa jina la marehemu. Akaambiwa arudi nyumbani. Mwalimu wa hisabati alitoka ofisini akaenda kusimama peke yake uwanjani, juani, hadi kengele ya kipindi chake ikampita.

Emiliana alimkuta bwenini kwa wavulana, nje ya mlango, anafunga godoro kwa kamba ya katani. Ndoo, sanduku la chuma, viatu vya michezo vilivyofungwa pamoja. Alitaka kusema mengi. Alisema, "Sikutaja jina."

Mazengo alikaza fundo. "Ungeniuliza tu," alisema. "Ningekukatalia, lakini ungeniuliza."

Akabeba godoro kichwani, akaondoka.

Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu. Gazeti liliendelea, na watu wakamsifu Emiliana zaidi ya zamani, jambo ambalo hakulitegemea na ambalo lilimuumiza kuliko kama wangemchukia. Walimu wa shule ya jirani waliomba nakala. Munira peke yake ndiye aliyehama dawati, bila neno, akaenda kukaa na Shamila. Emiliana aliacha kula wali wa Jumamosi. Alipoitwa kusoma habari mstarini asubuhi alisema koo linamuuma, na kweli lilikuwa linauma.

Likizo fupi ya Pasaka ilipofika alimwambia mama yake, muuza vitambaa pale mjini Dodoma, kwamba anakwenda kumtembelea rafiki Kongwa. Akapanda basi la asubuhi. Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri mwaka huo. Alizeti zilikuwa zimesimama pande zote za barabara hadi Mlali, na hakuzitazama.

Nyumba alielekezwa na wanawake waliokuwa kisimani. Uani alimkuta yule mama wa nyuma, yule wa matangi ya maji, amekaa kwenye mkeka anachambua karanga mbichi kutoka kwenye mashina yake. Emiliana alipiga magoti, akaamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetoka mbali?"

"Dodoma. Nasoma na Nathanaeli." Akajisahihisha. "Na Mazengo. Mimi ndiye niliyeandika."

Mama Nathanaeli hakuacha kuchambua. Alisogea kidogo, akampa nafasi kwenye mkeka, na Emiliana akaketi kwa sababu hakujua la kufanya jingine. Wakachambua pamoja kwa muda.

"Wanasema uliniandika na mimi," mama alisema. "Uliandika nini?"

Emiliana alikuwa anayajua maneno yale kwa moyo. Aliyasema akiangalia karanga. "Niliandika kwamba mlisimama wawili. Kwamba wa pili akakumbuka, akaketi."

"Akakumbuka nini?"

"Kwamba mwanawe hayupo."

Mama alitikisa kichwa polepole. "Mimi sikusahau hata siku moja. Nilisimama nikijua. Walikuwa wanaita jina la mwanangu, wa kwanza kati ya watoto wote wale, nami nikataka nisimame kidogo. Nilimwambia mdogo wangu tangu nyumbani kwamba nitasimama." Akarusha shina pembeni. "Kila muhula wakileta matokeo nilikuwa naomba nisomewe. Alama nilijua ni za Mazengo. Jina lilikuwa langu."

Emiliana alilia pale, na mama akamwacha alie. Hakumbembeleza wala hakumfukuza. Baada ya muda alimwambia amsaidie kuanika karanga juani.

Mazengo alirudi shambani mchana, jembe begani. Alimsalimia kama mgeni yeyote wa nyumbani. Emiliana aliomba msamaha mbele ya mama zake wote wawili, kwa maneno aliyokuwa ameyapanga tangu mjini, na yalikuwa maneno mazuri. Mama yake Mazengo, yule wa kitenge cha kijani, alisema asante kwa kuja, akaingia ndani kupika ugali. Jioni ilipokaribia, alimwagiza mwanawe amsindikize mgeni kituoni.

Karibu na barabara Emiliana alisema, "Niambie tu kama umenisamehe."

"Nikisema yameisha nitakudanganya," Mazengo alisema. "Sina hasira kila siku. Siku nyingine ninazo."

Basi lilipokuja alimpandishia mfuko wa karanga aliopewa na mama mkubwa.

Nyumbani, mama yake Emiliana alizikaanga zile karanga kwa chumvi, wakakaa barazani wanakula. Akamuuliza huyo rafiki ni nani hata ampe karanga nyingi hivi. Ndipo Emiliana akasimulia yote tangu siku ya wazazi, gundi, maneno aliyoyafuta na kuyarudisha, swali la ofisini alilolinyamazia. Alisimulia kwa kirefu namna alivyokuwa akiumia, namna alivyoshindwa kula, namna alivyolia mkekani kwa watu.

Mama yake alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa ameacha kutafuna.

"Na huyo kijana mtihani atafanyia wapi?" aliuliza.

Emiliana hakujua. Alikwenda hadi Mlali, akakaa kutwa nzima, na hakuuliza.

Shule zilipofunguliwa alikwenda moja kwa moja kwa Madamu Angelina. Alianza kwa kusema kwamba siku ile alipoulizwa angeweza kujibu na hakujibu. Madamu alisema anajua. Kisha akamweleza kwamba Mazengo anaweza kusoma kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa jina lake, ila aanze na mtihani wa maarifa, ule unaomruhusu mtu kufanya wa kidato cha nne, na hapo miaka miwili imekwenda. Emiliana aliandika kila kitu, na siku aliyoruhusiwa kutumia simu akatuma ujumbe kwa namba ya mama mkubwa aliyopewa na madamu.

Jibu lilikuja kesho yake. Mazengo alisema taarifa hizo alikuwa nazo tangu mwezi wa tatu, mwalimu wa hisabati alimpigia. Anasoma mjini Kibaigwa jioni, mchana yuko shambani. Alimshukuru kwa heshima, kama mtu anavyomshukuru karani wa ofisi, na akatia jina lake chini, lote, pamoja na la baba yake.