Kiti cha Stoo

Wateja walimwita Bi Miwani, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuvaa miwani hata siku moja. Kwa miaka kumi na mitatu alisaga lenzi katika duka lile lile, akizichonga hadi zikae kwenye fremu bila kucheza. Likizo alikuwa akiisikia kwa wengine. Kila alipoomba, tajiri wake alimwambia kwa upole angoje kidogo, maana akiondoka yeye, nani atasaga? Naye akangoja. Kuambiwa huna mbadala kuna utamu wake.

Tajiri alipozeeka, duka likaingia mikononi mwa mkwewe. Huyo alileta mashine inayosaga yenyewe, na binti wa kuibonyeza. Bi Miwani hakufukuzwa. Asubuhi moja alikuta meza yake imeondolewa, akaelekezwa akakae stoo, kwenye kiti cha plastiki kati ya maboksi ya fremu zilizokosa wanunuzi. Kazi ataletewa. Hakuletewa. Mwisho wa mwezi mshahara ukaja nusu, eti majukumu yamepungua, na wenzake wakakatazwa kupiga naye soga.

Mwanzoni alikasirika. Kisha hasira nayo ikamtoka, asibakiwe na kitu. Alikaa tangu kufungua hadi kufunga, mikono mapajani, akisikiliza mashine ikivuma nyuma ya ukuta. Mumewe akimuuliza siku ilikwendaje, alijibu, "Kawaida," wala hakuwa akificha neno. Alikula asijue amekula nini.

Mwezi wa tatu wa kukaa stoo ulipoanza aliomba karatasi, akaandika mistari miwili ya kuacha kazi. Alipoulizia malipo ya likizo zake, mkwe alimjibu kwamba anayeondoka kwa hiari yake hadai chochote. Akaitikia, akaenda zake.

Aliyekataa ni wifi yake, mpishi wa hospitali, mwanamke asiyejua kumeza maneno. Alimkokota hadi ofisi ya kazi, akamjazia fomu kwa mkono wake.

Mbele ya mwamuzi, mkwe aliweka ile barua mezani na kusema kwamba mwandiko ni wa mlalamikaji mwenyewe. Mwamuzi akamgeukia Bi Miwani.

"Mama, ulitaka kuacha kazi?"

"Kazi ilishaniacha kitambo. Mimi niliacha kiti."

Mkwe alipotakiwa kuonyesha fomu za likizo, hakuwa na hata moja. Basi akaitwa tajiri mzee. Alimtazama mkwewe, kisha akayatazama magoti yake mwenyewe.

"Hakwenda likizo hata mara moja," alisema. "Mimi ndiye niliyemzuia."

Uamuzi ulisema kwamba kumkalisha mtu namna ile hadi aondoke ni sawa na kumfukuza, hivyo alipwe fidia. Likizo nazo alipwe, ila za miaka mitatu ya mwisho tu, kwani za nyuma muda wake wa kudai ulishapita. Wifi alilalamika njia nzima juu ya ile miaka kumi iliyoliwa. Bi Miwani alitembea kando yake, akisubiri kufurahi kama mtu anayesubiri kupiga chafya. Hakukuja kitu.

Pesa zilipoingia alilala siku tatu. Siku ya nne mumewe alimsikia kwenye simu akigombana na wifi kuhusu sufuria iliyoazimwa na kurudishwa bila mfuniko. Alikuwa amepandisha sauti. Mume akafunga mlango taratibu, asije akawakatiza.