Wa Kwanza Kuingia

Kikosini waliniita Kwa Nini, na jina hilo sikulikataa. Siwezi kuona kitu kimefungwa nisiulize ndani kuna nini. Basi siku tuliyopelekwa bandarini kupanda meli ya kivita, twende kupigana ng'ambo, macho yangu hayakutulia. Mlango mkubwa wa nyuma wa meli ulikuwa umelazwa gatini kama ubao wa kuvukia mtaro. Magari ya jeshi yalipanga foleni, yaingie kinyumenyume, na mimi nilikuwa nyuma kabisa na gari langu la wagonjwa.

Mkuu wa upakiaji alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama, mwanamaji tangu sijazaliwa. Yeye ndiye aliyeamua nani aingie na akae wapi. Akaipita foleni nzima, akaninyooshea kidole.

"Wewe. Anza."

Kichwa kilivimba, nisiwadanganye. Niliwapita wenye vifaru nikiwapungia mkono, nikarudi kinyumenyume hadi ukuta wa mwisho wa tumbo la meli, penye joto na harufu ya dizeli. Vifaru vikaingia baada yangu, kisha malori.

Mwanamaji mmoja, mwanamke mwenye mikono minene, akaja kuyafunga magurudumu yangu. Wanamaji hutuita sisi wa nchi kavu mizigo inayoongea, na huyu alinitazama hivyohivyo.

"Kwa nini minyororo yote hii?"

"Bahari ikichafuka, gari lisilofungwa hutembea lenyewe. Litakuja kukusalimia kitandani."

"Na tukifika natokea wapi?"

"Mlango uleule. Hakuna mwingine."

"Na hawa walioniziba?"

"Watoke kwanza. Meli hupakiwa kinyume, dada. Kinachohitajika mapema ndicho kinachoingia mwisho."

Nikahesabu vifaru na malori yaliyoniziba. "Leo nani anaingia mwisho?"

Akachungulia kule mlangoni. "Gari la jikoni. Hata mimi nimeshangaa."

Gari la jikoni! Yaani watu wateremke ufukweni wakipigwa risasi, nyuma yao yafuate masufuria, na mimi mwenye machela na dawa nikwame ukutani. Damu ilinichemka. Nikajipenyeza katikati ya malori mpaka mlangoni, nikamkuta mjomba ameshika filimbi yake.

"Mjomba, mtu akijeruhiwa kule tumfunge kwa mwiko?"

Hakucheka. Alitazama viatu vyake.

"Mama yako alinipigia simu," alisema. "Alilia mpaka nikashindwa kumsikia. Anasema hana mwingine ila wewe. Nikamwambia, niachie mimi."

Nilikuja na maneno makali. Nilimwona akilini mama ameishika simu kwa mikono miwili, kama anavyoishika siku zote, na nikampenda hadi kifua kikauma. Lakini juu ya malori walikuwa wamekaa wenzangu, wanataniana, hawajui chochote.

"Hata hawa wana mama zao, mjomba."

Akageuka kuwatazama. Mpishi alishawasha injini ya gari la jikoni na kuanza kurudi nyuma kuingia melini. Mjomba akapuliza filimbi.

"Simama! Toeni yote!"

Matusi niliyoyasikia siyarudii. Vikatoka vifaru, yakatoka malori, nikatoka na mimi, jua limeshatuchoma vya kutosha. Upakiaji ukaanza upya, gari la jikoni likapelekwa ukutani, na mpishi akanuna. Safari hii niliingia mwisho, pua ya gari langu ikiutazama mlango.

Yule mwanamke alipokuja na minyororo, mjomba alimpokonya. Kazi ile si ya mkuu, lakini alipiga magoti kwenye mafuta akafunga gurudumu moja baada ya jingine, akivuta kila mnyororo, kisha akiuvuta tena. Alipomaliza aliegemea mlango wangu, akitweta.

"Ukirudi," alisema bila kuniangalia, "mwambie mama yako nilikuweka kulekule ukutani."