Mwashi Ajifunza Kuchechemea

Kwenye ukumbi wa mazoezi pale Kituoni palikuwa na mstari mwekundu uliopakwa sakafuni, kutoka mlangoni hadi kwenye kioo kirefu cha ukutani, na kila aliyepewa mguu wa bandia alikuwa na kesi na mstari ule. Mwalimu wa kutembea alisimama pembeni na rula ya mbao. Rula haikuwa ya kumchapa mtu, ilikuwa ya kugusia nyonga iliyolala upande. Kelele yake ilikuwa moja, asubuhi na mchana: "Nyooka! Nyooka!" Basi wanafunzi wakamwita Mama Nyooka. Lakabu hiyo aliijua na aliipenda, ila alijifanya hajawahi kuisikia.

Mwashi alikuwa mwanafunzi wake bora, na wala si ajabu. Mtu aliyekula ujana wake kunyoosha kuta za watu, atashindwaje kunyoosha mwili wake mwenyewe? Alikuwa akijenga nyumba mpaka siku alipoangukiwa na ukuta, ukaondoka na mguu wake wa kushoto, chini kidogo ya goti. Ukimuuliza habari za ajali hiyo, kabla hujamaliza swali atakwambia kwamba ukuta ule hakuujenga yeye.

Kituo kilikuwa cha kuwafundisha kazi mpya watu waliopata ulemavu, kisha kuwatafutia mwajiri. Asubuhi Mwashi alijifunza kutunza stoo: kupokea mizigo, kuipanga, kuitoa. Mchana alipambana na mstari. Na hakupambana kwa kujifurahisha. Mkewe na binti yao walikuwa wamehamia kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu ambaye kukukaribisha anakukaribisha, lakini huku anakuhesabia matonge. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alikuwa akisema mezani, anacheka peke yake. Siku moja hakucheka. Alimwita Mwashi uani akamwambia, "Shemeji, mimi sina ugomvi na wewe. Ukimaliza mafunzo ukapata kazi, njoo uwachukue watu wako kwa heshima zote. Usipopata, dada yangu bado kijana. Nitamtafutia maisha mengine."

Maneno hayo Mwashi alikwenda nayo Kituoni, akawa analala nayo na kuamka nayo.

Binti yao aliitwa Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Siku ya kutembelewa, mama yake alimleta ukumbini akamkalisha kwenye benchi. Mwashi akatoka kwenye kioo akaja kwao juu ya mstari, taratibu, mabega sawa, suruali imepigwa pasi. Mtoto akamtazama kuanzia juu mpaka chini, akauliza, "Baba, mguu wa uongo ni upi?"

Mwashi alicheka hadi machozi yakamtoka. Mama Nyooka naye aligeukia dirishani akawa kama anatafuta kitu huko nje. Kama mwanangu wa kumzaa hajui, aliwaza Mwashi, bosi gani atajua? Hapo ndipo alipokosea, maskini. Aliamini kwamba dunia inamtaka mzima.

Mafunzo yalipokaribia kwisha, afisa ajira wa Kituo alimpeleka kwenye kiwanda cha sabuni. Afisa huyu alikuwa kijana mwenye viatu vilivyolika visigino kwa kubisha hodi milango ya watu. Meneja wa kiwanda aliwapokea ofisini kwake, ghorofani, mbele ya dirisha kubwa linalotazama uwanja wote. Mwashi aliingia, akasalimia, akavuta kiti, akaketi.

"Haya," meneja akamwambia afisa, "huyo mlemavu wako yuko wapi?"

"Ndiye huyu."

"Huyu? Huyu kaingia hapa kama mtu anayekuja kununua kiwanda!"

Mwashi akapandisha suruali akaonyesha mguu, plastiki na chuma. Meneja akautazama kwa adabu, kisha akakuna kichwa. "Sikiliza, ndugu yangu. Mimi sina ubaya. Tumeagizwa tuwe na watu wenye ulemavu humu. Wakaguzi wanakuja, wanunuzi wa nje wanakuja, na wote wanataka kuona. Sasa kila wakija wageni nikuite, nikwambie pandisha suruali? Si itakuwa aibu kwako na kwangu?" Akamgeukia afisa. "Nitafutie anayeonekana."

Walipofika chini, kwenye harufu kali ya sabuni, afisa alisimama. "Kaka, wahenga walisema mficha uchi hazai."

"Nimeficha nini mimi? Nimetembea tu."

"Ndiyo. Umetembea mno." Afisa akashusha sauti. "Nitamwambia siku ile ulikuwa umemeza dawa za maumivu. Nipe wiki moja, turudi. Safari hii uje ukichechemea kidogo."

Mwashi alitaka kumtukana. Akamkumbuka shemeji, akameza.

Tatizo ni kwamba kuchechemea alikuwa amekusahau. Alipojaribu, alionekana kama mlevi anayeigiza. Mwishowe akapata hila. Kigutu cha mguu huvalishwa soksi nene, moja juu ya nyingine, ili mguu wa bandia ukae imara usicheze. Yeye alivaa tatu. Alivua mbili, na mara mguu ukaanza kupwaya, nyonga ikadondoka, bega likafuata. Hakuhitaji kuigiza tena. Alikuwa akizunguka ukumbini namna hiyo, akijikagua kwenye kioo, ndipo Mama Nyooka alipoingia.

"Nani kanibomolea nyumba yangu?" aliuliza.

Mwashi akamweleza yote, wala hakumficha kitu. Mwalimu akakaa kwenye benchi, rula mapajani.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mwalimu," Mwashi akasema, akijaribu kutabasamu.

"Ainame, sawa. Lakini yule akishakipata chake huinuka. Wewe utainuka lini?"

Mwalimu aliutazama mstari mwekundu. Alikuwa amewanyoosha watu wengi juu ya mstari ule, na wengi wao alikutana nao sokoni na barabarani, wamenyooka vizuri kabisa, hawana kazi. "Jumapili uvae soksi zako zote," alisema mwisho. "Angalau Jumapili, mwili ukumbuke."

Meneja alipomwona Mwashi akivuka uwanja kwa kuyumba, aliteremka mwenyewe kumpokea. Kazi akapata siku hiyohiyo.

Na tuseme kweli, furaha ilikuwepo. Mwashi alikwenda kwa shemeji amevaa sare ya kiwanda, akawachukua watu wake. Walipanga chumba kimoja chenye uwanja mdogo mbele. Mkewe alifunga mlango kwa ufunguo wake mwenyewe, akaufungua, akaufunga tena, akacheka. Chiriku aliongea mpaka usingizi ukamkatiza katikati ya neno.

Kazi yenyewe ilikuwa kupanga makatoni stoo, na Mwashi aliiweza. Lakini siku za wageni sauti ilitoka dirishani: "Mwashi! Leta katoni getini!" Naye alibeba katoni akavuka uwanja wote mbele ya watu waliovaa vizuri. Wageni walitikisa vichwa kwa huruma, wengine wakampiga picha. Katoni ile getini haikuwa na wa kuipokea. Wageni wakishaondoka aliirudisha stoo. Wenzake wakamwita Kibali. "Leo umetuokoa, Kibali," walimwambia, wakimpiga bega, na hawakuwa na nia mbaya.

Mara moja tu alijisahau, akavaa soksi zote tatu. Ilikuwa asubuhi moja, ana furaha zake, akavuka uwanja kwa hatua zilizonyooka, kifua mbele. Dirisha likafunguka. "Mwashi! Umepona?" Meneja alikuwa anacheka, lakini macho yake hayakucheka. Tangu hapo Mwashi alichechemea hata akienda chooni. Alichechemea mpaka nyumbani, kwa sababu njiani kuna wafanyakazi, na wafanyakazi wana midomo. Jumapili zikawa za usingizi na uchovu, na zile soksi mbili zikabaki chini ya mto.

Mguu unaopwaya husugua. Kwanza ngozi ya kigutu ikawa nyekundu, kisha ikachubuka, kisha ikafunguka kidonda chenye harufu ambayo sabuni yote ya kiwanda isingeiondoa. Alimficha mkewe, ila pua haifichwi. Mke akamsukuma aende Kituoni.

Muuguzi wa Kituo alikisafisha kidonda. Kisha akasema kwamba mguu wa bandia uvuliwe, usivaliwe miezi kadhaa, la sivyo kitakachofuata ni kukata tena, juu ya goti. Mwashi akaenda kwa afisa ajira kumuuliza kama kiwanda kitamngoja.

Afisa alimtazama kwa huzuni ya kweli. "Kaka, wakikungoja wiki moja utashukuru. Huko nje kuna watu wengi wanaochechemea bila kufundishwa."

Akatoka, akavuka ua wa Kituo kwenda getini. Mama Nyooka alikuwa mlangoni mwa ukumbi, akamwona, akaita kwa utani, "Hapa hakuna wageni, Mwashi! Acha mchezo, tembea vizuri."

Mwashi alisimama. Ili afike nyumbani tu, muuguzi alikuwa amemvalisha mguu juu ya kitambaa kinene na soksi tatu za Kituo. Mguu ulikuwa umekaa imara kabisa. Wala hakuwa na habari kwamba anachechemea.

"Ndivyo ninavyotembea, mwalimu," alisema.

Mama Nyooka akatazama rula mkononi mwake, kisha akaingia ndani.

Jumapili iliyofuata, mchana, Mwashi alitoa mfuko wake wa zamani wa vyombo vya kazi, akachukua uzi wa uashi, ule wa kulazia matofali. Akaufunga kwenye msumari wa mlangoni, akauvuta hadi mwisho wa uwanja, akaukaza, akaufunga kwenye jiwe. Alivaa soksi zote tatu juu ya kitambaa cha kidonda. Mkewe alisimama mlangoni, mikono imefumbatwa. Chiriku akafurahi, maana alidhani ni mchezo.

"Nyooka!" alipiga kelele. "Nyooka, baba!"

Mwashi akatembea kando ya uzi. Hatua ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili nyonga ikadondoka, bega likafuata, na mwili mzima ukaenda upande kama siku za wageni. Akarudi mwanzo. Akajaribu tena, jasho linamtoka, meno yameumana, kila mahali anapopaita pakae sawa panakataa. Akajaribu mara nyingine, ikawa vilevile. Mkewe aliingia ndani, akaanza kupanga vyombo ambavyo vilikuwa vimepangwa.

Chiriku alinyamaza. Yeye, ambaye hata usingizini alizungumza, alinyamaza akamtazama baba yake, kisha akachuchumaa akafunga jicho moja, kama alivyomwona akifanya zamani, akauchungulia uzi toka mwisho hadi mwanzo.

"Baba," alisema, "uzi umepinda."

Katika kazi yake yote Mwashi hakuwahi kuvuta uzi ukapinda. Watu walikuwa wakimtoa mitaa ya mbali kwa ajili ya hilo tu.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Umepinda."

Akaufungua, akaukunja, akaurudisha mfukoni. Kisha akakaa kizingitini, akavua soksi mbili, kwa sababu kesho yake kiwandani kulikuwa na wageni.