Kikomo cha Kungoja

Nalala nikiwa nimekaa, saa saba mchana, vidole vikiwa bado juu ya kibodi, na mvua inapiga bati la ofisi yetu kama mtu anayemwaga mahindi makavu. Mimi, Nakijwa, ndiye niliyeandika programu inayosikiliza vituo vitano vya kupimia maji ya Mto Lukundu. Kituo kikileta habari kwamba mto umepanda, programu inaamsha ving'ora katika vijiji vya bondeni, ving'ora vyenye betri zake na njia yake ya redio. Leo mto unapanda na programu imeganda. Kituo cha tatu kimekatika umeme katikati ya ujumbe, hakikuaga, na programu imekaa inakisubiri kituo kilichokufa huku haivisikilizi vilivyo hai. Mzee Shekalaghe, aliyeupima mto huu miaka thelathini, amesimama nyuma ya kiti changu. Mwanangu, hukuiwekea kikomo cha kungoja? Niliiwekea, mzee, sekunde tano. Sasa mbona inangoja tangu asubuhi?  Naizima, naiwasha upya, inakataa kuwaka, inasema anwani inatumika. Inatumika na nani, nami nimeizima kwa mkono wangu? Mzee anapiga simu Kwamzindo, kijiji cha chini kabisa, anamtafuta Bi Nankondo, mwenyekiti wa kamati ya maafa, lakini minara imezimika na simu haiiti. Watu mia nne wako kule wanapika chakula cha mchana. Nafumba macho kwa pumzi moja tu, nipate kufikiri, na pumzi hiyo inanichukua.

Naenda kwa miguu katika barabara isiyo na mwisho, na huku na huku kuna nyumba, kila nyumba ina namba mlangoni, na kila nyumba inatazamana na pacha wake, nyufa zile zile, kutu ile ile kwenye komeo, hata mimi najiona upande wa pili nikitembea. Nikisimama barabara haisimami, inaendelea kupita chini ya nyayo zangu. Pembeni yangu yuko mtu mrefu asiye na uso, mahali pa uso ni laini kama ganda la yai, na sauti yake inatoka si kinywani bali katika hewa yote. Namwuliza, hapa ni wapi? Ananiambia, hapa ndipo programu zote hukutana na mtandao, kila nyumba ni soketi, yaani mlango wa mazungumzo, na anayetaka kusema na walio mbali lazima kwanza apate nyumba. Nami yangu iko wapi? Ile pale, unaisukuma na haifunguki. Na kweli, tayari nimefika, tayari bega langu liko mlangoni, namba yangu nimeitundika juu na mlango umegoma. Kitendawili, anasema asiye na uso. Tega, nasema. Mwenye nyumba kahama, jasho lake halijahama, mgeni halali ndani. Nafikiri, na kufikiri kwenyewe ni kama kuogelea kwenye uji. Halafu najua. Ni mazungumzo ya zamani! Nilipoizima programu, mfumo wa kompyuta haukuyasahau mara moja, unaishikilia nyumba isije barua iliyochelewa ikamfikia asiyehusika. Umepata, anasema, na dawa yake? Kuna swichi, nasema, ruhusa ya kutumia anwani upya. Mbona basi hujaiwasha? Naipapasa, naikuta nyuma ya fremu, nawasha, mlango bado umegoma. Asiye na uso anacheka kama maji ya bomba. Umetundika namba kabla ya kuomba ruhusa. Natungua namba, nawasha swichi, natundika tena, na mlango unafunguka kwa urahisi hata naona haya kwa nguvu nilizokuwa nikitumia.

Ndani kuna mwanamke amenipa mgongo, na mabega yake ni mabega yangu. Amebandika sikio kwenye tundu la ukutani, tundu lisilo na sauti, na kushoto kwake na kulia kwake kuna matundu mengine manne yanayopiga kelele: maji, maji, mita tatu, mita tatu na nusu! Hageuki. Namshika, namtikisa, ni kama kutikisa nguzo. Ni programu yangu, naijua, nimeilea miezi tisa. Namgeukia asiye na uso kwa hasira, niliweka kikomo, sekunde tano, niliweka! Uliweka au ulisema? Niliweka. Kitendawili. Sasa hivi? Kitendawili! Tega. Nilimtuma, akarudi na jibu, nikamfungia mlango.  Naangalia sakafuni na naliona, ombi langu la sekunde tano, limejikunja karibu na ukuta, limepigwa muhuri wa kukataliwa tangu siku ya kwanza. Mfumo ulinijibu siku ile ile, nami sikulitazama jibu. Niliweka, sikusoma.

Nataka kusoma sasa, nasema. Umekuja na chombo gani, anauliza asiye na uso, na ukubwa wake ni upi? Hapa humwagiwi jibu sakafuni. Nakinga viganja viwili, nataja ukubwa wake, na kutoka ukutani linadondoka jibu moja, baridi, la mviringo. Sifuri. Nashusha pumzi, nasema afadhali, sifuri ni kidogo. Asiye na uso ananiinamia mpaka naona kivuli changu katika ule ulaini wake. Hapa sifuri si kidogo, anasema. Hapa sifuri ni milele, ni kungoja bila kikomo. Miezi tisa nimewaambia watu wa bondeni walale salama, na kumbe chini ya usingizi wao kulikuwa na sifuri. Nalia, na kila chozi linapodondoka, tundu la nne linasema mita nne. Nifundishe, nasema. Sifundishi, anasema, nakataa tu visivyoingia. Basi naliokota ombi langu na kulichunguza, na naona, nililipeleka katika chombo cha chumba kimoja, na muda huku hubebwa katika chombo cha vyumba viwili, sekunde chumba kimoja, vipande vya sekunde chumba cha pili. Nafinyanga kingine hapo hapo kwa vidole. Tano huku, sifuri kule. Nataja ukubwa. Nakabidhi. Na safari hii sitoki, nasimama, namtazama asiye na uso anayelipokea, nalidai jibu langu. Limepokelewa, anasema. Sitosheki. Nisomee! Naye anasoma, tano, nami ninacheka.

Nahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano, na yule mwanamke anabandua sikio lake ukutani kama mtu aliyeitwa kwa jina, anageuka, uso wake ni wangu, anasikia mita nne, na anakimbia. Nami nakimbia, hatuko wawili tena, ukuta unatupisha, barabara sasa ni ya Kwamzindo, ya tope, na milango ni ya mbao za kweli. Nagonga, nagonga, hodi isiyongoja karibu. Tokeni! Acheni sufuria, chukueni watoto, pandeni kilimani shuleni! Nao wanatoka, wazee mgongoni, mbuzi kwa kamba, na king'ora kinalia juu yetu sote, kirefu, kizuri, sijapata kusikia sauti nzuri kuliko ile.

Amka, mwanangu, king'ora kinalia! Ni mzee Shekalaghe, mkono wake begani kwangu, kisha anapiga makofi mwenyewe kama yuko harusini. Kwenye skrini taa za vijiji vyote sita zimewaka. Saa inasema zimepita dakika kumi na moja. Nasoma mistari, sikumbuki kuiandika, lakini ni mwandiko wangu, ruhusa kabla ya namba, chombo cha vyumba viwili, jibu limeulizwa, kisha limesomwa. Mzee ananiambia, ulikuwa unaandika macho umefumba, nikaogopa kukugusa. Alasiri minara inarudi na simu ya kwanza inatoka Kwamzindo. Ni Bi Nankondo. Nyumba arobaini zimekwenda na maji, anasema, watu mia nne tuko shuleni, hesabu tumeifanya mara mbili, hakuna aliyebaki nyuma. Mzee anakaa chini, anajifunika uso kwa kofia, analia bila kujificha. Asante mwanangu, Bi Nankondo ananiambia, king'ora tulikisikia, lakini mvua ilikuwa kubwa, wengine tusingetoka kama usingepita ukigonga. Namwambia, Bi Nankondo, mimi niko ofisini, sijatoka tangu asubuhi.  Anasema, ah, usinitanie, na huyu niliyempa kanga ajikaushe, anayeimba na watoto hapa mbele yangu, ni nani? Nasikiliza. Nyuma ya sauti yake, katikati ya nyimbo za watoto, mtu anacheka, na kicheko ni changu. Namwambia, mpe chai, Bi Nankondo. Mpe ya moto, amefanya kazi.